Moshi wa Asidi Kutoka Kwenye Kebo za Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kebo zikiungua, swali la kwanza huwa ni kama moto ulienea. Ni swali zuri, ila haliwajibu waliokuwamo ndani, ambao hawakuweza kufumbua macho kuutafuta mlango. Halimjibu pia mwenye mitambo iliyokuwa ghorofa nyingine, mbali na ndimi za moto, ikaanza kuharibika wiki moja baadaye. Majibu ya hayo yamo kwenye ganda la kebo. Ukurasa huu ni kwa fundi umeme, mwenye jengo, na yule anayechoma nyaya ili apate shaba.

Kwa nini moshi wa nyaya unawasha kuliko moshi wa kuni?

Kwa sababu ya klorini. Kebo nyingi huvikwa PVC, na PVC tupu ina klorini takriban asilimia 57 ya uzito wake. Plastiki hiyo ikipata joto kali, klorini huondoka ikiwa imeshikana na hidrojeni, ndiyo gesi ya hidrojeni kloridi. Gesi hii ina uroho wa maji. Maji ya kwanza inayokutana nayo ni machozi yako, kisha mate, kisha utando wa koo na mapafu, na hapo hugeuka asidi ya hidrokloriki, ileile inayotumika viwandani kuondoa kutu kwenye chuma.

PVC ya kebo haiwi tupu. Imechanganywa na mafuta ya kuilainisha, unga wa chokaa wa kuijaza, na dawa za kuizuia isiharibike kwa joto. Kwa hiyo gesi inayoweza kutoka hushuka hadi karibu robo ya uzito wa plastiki, ikizidi au kupungua kidogo kulingana na mchanganyiko wa kiwanda. Robo bado ni nyingi. Hesabu yake iko hapa chini.

Lazima moto uwake ndipo asidi itoke?

Hapana, na hili ndilo linalowapita wengi. PVC ya kawaida imepangiwa kufanya kazi na shaba isiyozidi nyuzi 70 za Selsiasi. Ikipita nyuzi 200 na kitu huanza kuachia gesi, na kufikia nyuzi 300 hadi 350 sehemu kubwa ya klorini yake imeshaondoka. Katika safari yote hiyo huenda usione hata ulimi mmoja wa moto. Kiungio kilicholegea, au waya mwembamba uliobebeshwa mzigo mkubwa, unaweza kuiva nyuma ya ukuta kwa saa nyingi huku ukitoa asidi polepole.

Kwa hiyo harufu kali inayochoma pua karibu na boksi la umeme ichukulie kama moto ulioanza. Zima swichi kuu kama unaweza kuifikia bila kupita kwenye moshi, toka, mwite fundi. Usimwagie maji kitu kilicho na umeme. Na fundi akifungua akakuta plastiki imegeuka kahawia na ncha za shaba zina kutu ya kijani, asiishie kukaza skrubu tu. Akate sehemu iliyoharibika na atafute kilichoipasha moto.

Asidi hiyo ni kiasi gani hasa?

Tuchukue kilo moja ya plastiki ya kebo. Hapo sisemi kilo moja ya kebo, maana shaba haihesabiwi. Robo yake ni gramu 250 za hidrojeni kloridi, ambazo kwa joto la kawaida la chumba hujaza takriban lita 165. Chumba cha mita 4 kwa 5, chenye kimo cha mita 2.5, kina hewa lita 50,000. Ukigawanya unapata kama sehemu 3,300 za gesi katika kila sehemu milioni za hewa.

Sasa linganisha. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, imeweka sehemu 5 kwa milioni kuwa kikomo ambacho mfanyakazi asikivuke hata kwa muda mfupi, na sehemu 50 kuwa kiwango cha hatari ya papo hapo kwa uhai au afya.

Hesabu yangu ni ya hali mbaya kupita zote, nakiri. Plastiki haitoi gesi yake yote, milango haifungi kabisa, na ukuta wa saruji au jasi hunyonya sehemu nzuri ya gesi hiyo. Basi igawe kwa kumi. Zitabaki sehemu 330, zaidi ya mara sita ya kiwango cha hatari, na hiyo ni kilo moja tu. Dari ya ofisi moja inaweza kuficha makumi ya kilo.

Kebo yangu imeandikwa kwamba haienezi moto. Si inatosha?

Haitoshi, na ningependa swali hili lijibiwe vizuri kuliko mengine yote, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Moto wa plastiki huendelea kwa msaada wa chembe kali zinazoruka ndani ya ndimi zake, vipande vya hidrojeni na oksijeni vinavyochochea mwako. Hidrojeni kloridi huzidaka chembe hizo na kuzituliza. Ndiyo maana PVC ni ngumu kuwaka na mara nyingi hujizima ukiondoa kiberiti. Klorini inayozuia moto ndiyo hiyohiyo inayokuwa asidi kooni mwako. Sifa inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ganda na dhara lisiloandikwa popote ni mtu na pacha wake.

Vipimo vya kuenea kwa moto vya IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, kama IEC 60332-1 kwa kebo moja iliyosimama na IEC 60332-3 kwa kebo zilizofungwa pamoja, hutazama moto umepanda hadi wapi. Moshi ukiwa na asidi kiasi gani, havijali. Kebo inaweza kuvifaulu vyote viwili na bado ikajaza korido asidi.

Kinyume chake ni kweli pia. Kebo isiyo na klorini hata chembe inaweza kuwa imefaulu kipimo cha kebo moja tu, na ukizifunga hamsini pamoja kwenye trei zikapandisha moto hadi juu. Uliza maswali mawili tofauti, upate majibu mawili tofauti.

Basi nitafute maandishi gani?

Kwa asidi, ni familia ya IEC 60754. Sehemu ya 1 huchoma sampuli ndogo ndani ya bomba hadi nyuzi 800, ikapitisha gesi kwenye maji yenye dawa, kisha ikapima asidi ya halojeni (jamii ya klorini, florini na bromini) iliyonaswa. Kikomo kinachotumika kuita kitu kisicho na halojeni ni asilimia 0.5 ya uzito. Sehemu ya 2 huchoma kwa joto lisilopungua nyuzi 935 na kupima maji yaliyopitishwa gesi. Kiwango kinachopendekezwa ni pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) isiyopungua 4.3, na maji yasipitishe umeme zaidi ya mikrosimensi 10 kwa milimita. Kwa weusi wa moshi ni IEC 61034, ambamo kebo huchomwa ndani ya chumba chenye upande wa mita 3 na kupimwa mwanga unaobaki kupenya.

Kebo zinazouzwa Ulaya kwa ajili ya majengo, tangu tarehe 1 Julai 2017, hubeba daraja la moto lenye herufi za ziada. Utaona kitu kama B2ca-s1,d1,a1. Herufi s ni moshi, d ni matone yanayowaka, na a ni asidi. Daraja a1 ndilo safi zaidi, a2 linafuata, na a3 maana yake ni kwamba kebo haikufikia yoyote kati ya hayo mawili. PVC ya kawaida huangukia hapo a3.

Jihadhari na vifupisho. LSZH, LS0H na HFFR vinamaanisha kebo isiyo na halojeni. LSF, ambayo inafanana nazo kwa macho, mara nyingi ni PVC iliyopunguzwa moshi na asidi, wala haikuondolewa klorini. Nimewaona watu makini wakiziagiza kana kwamba ni kitu kimoja. Kama karatasi ya kiwanda haitaji IEC 60754 wala daraja a1 au a2, jina la biashara halikusaidii.

Nasikia kuna PVC iliyowekwa chokaa ili kupunguza asidi. Inafanyaje kazi?

Inafanya kazi kama vile asidi inavyomezwa na jiwe la chokaa popote pale. Kalsiamu kaboneti ikikutana na hidrojeni kloridi hutoa kalsiamu kloridi, maji na kaboni dioksidi. Klorini inabaki kwenye majivu badala ya kuruka na moshi. Kwa hesabu ya daftarini, gramu 100 za chokaa hiyo hukamata gramu 73 za gesi. Kwa hiyo gramu zetu 250 zingehitaji chokaa gramu 342 hivi, na mambo yakaisha.

Hayaishi. Gesi hutoka kwa kasi kuliko uwezo wa punje kuimeza, na punje yenyewe hufunikwa na ganda la kalsiamu kloridi huku kiini chake kikibaki hakijaguswa. Dawa yake ni usagaji. Chokaa iliyosagwa laini kabisa ina uso mkubwa zaidi kwa uzito uleule, na hukamata gesi nyingi kuliko ile ya punje nene inayotumiwa kujazia tu ili kupunguza gharama. Kebo mbili zinaweza kuwa na chokaa ya uzito sawa na zikatofautiana sana kwa asidi.

Mtengenezaji hana uhuru wa kuongeza tu. Chokaa ikizidi, plastiki inakuwa kama biskuti, ikivutwa inakatika. Na kuna mtego mbaya zaidi. Ukiikamata hidrojeni kloridi umeunyang'anya moto kizuizi chake, kwa hiyo PVC hiyo huwaka kwa urahisi kuliko mwanzo. Wengi walizoea kuongeza antimoni trioksidi ili kuzuia moto, lakini antimoni nayo huhitaji hidrojeni kloridi hiyohiyo ili ifanye kazi ndani ya ndimi. Chokaa na antimoni zinagombea mlo mmoja. Wanaochanganya vizuri huongeza haidroksidi ya alumini, na mara nyingine misombo ya zinki, ili kupoza moto bila kutegemea klorini.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini isitumike magnesia, yaani magnesiamu oksidi, badala ya chokaa, kwa kuwa nayo humeza asidi. Humeza, kisha hutapika. Magnesiamu kloridi ikipata joto kali pamoja na mvuke wa maji hurudisha hidrojeni kloridi hewani. Kalsiamu kloridi huvumilia zaidi, ingawa nayo si kufuli la milele.

Matokeo yake ni PVC yenye asidi pungufu, na upungufu huo unaweza kuwa wa maana kweli. Lakini haishuki hadi ile asilimia 0.5. Mimi ningeikubali kwenye chumba chenye dirisha ambacho watu hutoka kwa hatua kumi. Kwenye ngazi za dharura au handaki, hapana.

Kebo isiyo na halojeni imetengenezwa kwa nini?

Kwa plastiki za jamii ya polietilini, zilizoshindiliwa unga wa haidroksidi ya alumini au ya magnesiamu. Ukisema zimeshindiliwa husemi uongo: unga huo mara nyingi hupita nusu ya uzito wote wa ganda. Ile ya alumini huanza kuachia maji kwenye nyuzi 200 hivi, na maji hayo ni karibu asilimia 35 ya uzito wake. Ile ya magnesiamu huvumilia hadi nyuzi 330 hivi ndipo iachie asilimia 31 hivi. Mvuke hupoza moto na kuipunguza hewa makali, kisha unabaki udongo mgumu unaolikinga ganda la ndani. Kwa jinsi ilivyo, ni kebo inayobeba ndoo yake ya maji.

Unga mwingi una gharama yake. Ganda huwa gumu kidogo, hukwaruzika linapovutwa kwenye mabomba, linaweza kupasuka likikunjwa kona kali, na hunyonya unyevu kuliko PVC. Mafuta ya kuvutia kebo nayo yachaguliwe, kwa maana yapo yanayolipasua. Mafuta ya mashine na kemikali nyingi huvumiliwa zaidi na PVC. Sisemi hivi ili kumvunja mtu moyo. Nasema ili fundi asiivute kebo hii kama alivyozoea, kisha akalaumu kiwanda.

Kwa hiyo moshi wake ni salama kuuvuta?

Hapana! Una kaboni monoksidi kama moshi wa kitu chochote kinachoungua, na kaboni monoksidi ndiyo muuaji mkuu katika moto wa majengo. Kilichopungua ni asidi na weusi, yaani unapata dakika za kuona na kupumua ukielekea mlangoni. Dakika hizo ni za kutokea, si za kurudi kuchukua begi.

Kebo yenye kihami cha XLPE na ganda la nje la PVC iko upande gani?

Upande wa PVC. XLPE, yaani polietilini iliyofungamanishwa, haina klorini, lakini ganda la nje ndilo linalokutana na moto kwanza na mara nyingi ndilo lenye uzito zaidi.

Mpira wa kloroprini, unaovikwa kebo za mashine zinazohamishika, una klorini pia. Plastiki za florini kama PTFE na FEP ni ngumu sana kuwaka, ila zikilazimishwa na joto kubwa hutoa hidrojeni floridi, ambayo ningeiogopa kuliko hidrojeni kloridi. Kwenye njia chache ambazo hazitakiwi kukosea, ipo kebo ya madini: shaba ndani, unga wa magnesiamu oksidi katikati, ganda la shaba nje. Ikiachwa bila koti la plastiki haina cha kuungua. Ni ghali na inataka fundi aliyefundishwa kuiziba ncha, maana unga wake hunyonya unyevu.

Jengo langu tayari limejaa PVC. Nibomoe kuta?

Usibomoe. Anza na mahali ambapo asidi ina madhara makubwa kwa kila kilo: korido na ngazi za kutokea, mashimo ya wima yanayounganisha ghorofa, vyumba vya mitambo ya mawasiliano, na sehemu zilizo chini ya ardhi. Hapo badilisha, au walau kila kebo mpya inayoingia iwe isiyo na halojeni.

Kisha toa kebo zilizokufa. Kila mara ofisi inapohama au mtandao unapobadilishwa, kebo za zamani huachwa juu ya dari kwa sababu kuzitoa ni kazi isiyolipwa. Baada ya miaka ishirini, dari inaweza kuwa na plastiki nyingi kuliko samani zilizo chini yake. Nchini Marekani kanuni ya taifa ya umeme, tangu toleo la 2002, inadai kebo za mawasiliano zilizotelekezwa na zinazofikika ziondolewe. Hakuna njia rahisi zaidi ya hiyo ya kupunguza asidi, kwa sababu kebo isiyokuwepo haitoi moshi.

Ziba matundu ambayo kebo hupitia kwenye kuta na sakafu, kwa vifaa vilivyopimwa kwa moto. Povu la kawaida la kuzibia nyufa halifai hata kidogo. Tarehe 22 Machi 1975, katika kinu cha nyuklia cha Browns Ferry huko Alabama, wafanyakazi walikuwa wakitafuta mahali hewa inapopenya kwenye tundu la kebo, wakitumia mshumaa. Povu la kuzibia likashika moto, na zaidi ya kebo 1,600 zikaharibika. Tundu lilikuwa linazibwa, na kizibo ndicho kilichowaka.

Mengine ni matunzo ya kawaida. Mzigo wa kila saketi upimwe, viungio vikazwe kwa nguvu inayotakiwa, na mtu apite na kamera ya joto mara moja moja wakati mzigo ni mkubwa. Feni za kupitisha hewa zisimame zenyewe kigunduzi kikinusa moshi, la sivyo zitausambaza jengo zima. Bomba la chuma husaidia kuzuia moto wa nje usiifikie kebo haraka, lakini halizuii asidi: gesi hutokea kwenye ncha zake. Rangi zinazovimba kwa joto zikipakwa juu ya trei huchelewesha moto. Kuchelewesha ni kitu, ila rangi haibadilishi kilichomo ndani.

Moto ulizimwa mapema na mitambo yangu haikuguswa. Naweza kuiwasha?

Subiri. Asidi husafiri na moshi, ikitua kwenye kila uso ulio baridi, na saketi za elektroniki zina nyuso nyingi ndogo za shaba, fedha na risasi. Kloridi iliyotua hunyonya unyevu wa hewa na kuanza kula metali. Ukiwasha umeme juu yake, unaharakisha kazi.

Tarehe 8 Mei 1988 moto uliwaka katika kituo cha simu huko Hinsdale, jimbo la Illinois. Sehemu iliyoungua haikuwa kubwa, lakini moshi wenye ulikaji uliharibu vifaa vilivyokuwa nje ya hapo, na wateja wapatao 35,000 walipoteza huduma. Miaka kumi na tatu kabla, tarehe 27 Februari 1975, kituo kingine cha simu kiliungua kwenye barabara ya Second Avenue mjini New York. Simu zipatazo 170,000 zilikatika, na mamia ya wazimamoto walifanya kazi ndani ya moshi wa PVC.

Utaratibu ni huu. Umeme ubaki umezimwa. Toa moshi nje, kisha punguza unyevu wa hewa, ukiweza chini ya asilimia 40, kwa sababu bila unyevu asidi hulala. Usifute masizi kwa kitambaa kikavu; unayasugua yaingie ndani. Metali tupu kama fremu na zana huoshwa kwa maji yenye magadi soda, husuuzwa kwa maji safi na kukaushwa mara moja. Mbao za saketi waachie wataalamu wa kusafisha baada ya moto, wanaopima kloridi kabla na baada. Saa za mwanzo ni za thamani. Chuma chenye uso mtupu huweza kuota kutu siku hiyohiyo.

Angalia na zege pia. Kloridi ikipenya hadi kwenye nondo huzianzishia kutu, na hilo huonekana baadaye sana. Kama kebo nyingi ziliungua kwenye chumba cha zege, mwombe mhandisi achukue sampuli za uso wa ukuta.

Nachoma nyaya ili nipate shaba. Nipunguze vipi moshi?

Nakujibu wazi: moto wa wazi hauna njia ya kuupunguza moshi huo ikafaa. Kunyunyizia maji hushusha joto na kuzidisha moshi mzito. Kurusha chokaa motoni hukamata kidogo, nyingine yote inakupita usoni. Kusimama upande unakotoka upepo kunampa jirani sehemu yako.

Na asidi si tatizo kubwa zaidi hapo. Klorini, masizi na shaba vikiwa pamoja katika joto la nyuzi 200 hadi 450 hivi hutengeneza daioksini, na shaba ndiyo inayoharakisha. Ukitaka kubuni jiko la kutengenezea daioksini, ungejenga kitu kinachofanana na rundo la nyaya linalofukuta. Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti sumu zinazodumu, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004, unataja uchomaji wa kufukuta wa kebo za shaba kwa jina kati ya vyanzo vya daioksini. Sumu hiyo hukaa kwenye udongo na mafuta ya wanyama kwa miaka mingi. Majivu ya kebo za zamani yana madini ya risasi pia, kwa kuwa risasi ilitumika kuituliza PVC.

Halafu kuna hasara ya mfuko. Shaba iliyochomwa hutoka nyeusi, nyuzi nyembamba huungua zikawa unga, na mnunuzi huishusha daraja. Iliyochunwa hutoka inang'aa. Kebo nene huchunwa kwa kisu na mashine ya mkono yenye magurudumu, tena haraka kuliko unavyodhani. Nyaya nyembamba za nyuzi nyingi ndizo zinazochosha. Hizo hukusanywa na kupelekwa kwenye mashine inayozikatakata, kisha hewa au maji hutenganisha: shaba ina uzito wa takriban gramu 9 kwa sentimita ya ujazo na plastiki ya kebo kama gramu moja na nusu, kwa hiyo haziwezi kuchanganyika zikitikiswa. Wachunaji kadhaa wakichangia mashine moja, sababu ya kiberiti inaisha.

Nitajuaje kama kipande nilicho nacho ni PVC?

Pasha moto waya mtupu wa shaba hadi ndimi zisiwe na rangi ngeni, uguse plastiki kidogo, urudishe kwenye moto. Ukiona kijani kizuri, kuna halojeni. Kipimo hiki kina jina la Beilstein, mkemia aliyekieleza mwaka 1872. Fanya nje, kwa chembe isiyozidi punje ya mchele.

Kipimo cha kuelea kwenye maji usikiamini. Polietilini tupu huelea na PVC huzama, ndiyo, lakini kebo isiyo na halojeni iliyojaa unga nayo huzama kama jiwe.

Nimevuta moshi wa kebo. Nifanye nini?

Toka kwenye hewa safi. Macho yanayowasha yaoshe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 bila kukatiza, na nguo zenye masizi uzivue. Kifua kikibana, ukikohoa sana au sauti ikikauka, nenda hospitali hata kama unaona umepata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Barakoa ya vumbi haizuii gesi. Kwa usafishaji baada ya moto, ukumbi ukiwa umeshapitishwa hewa, inatakiwa ile yenye vichujio vya gesi za asidi. Kwa mpangilio wa Ulaya vina rangi ya njano na herufi E, na huunganishwa na kichujio cha chembechembe. Ndani ya moto wenyewe, hata hivyo havifai, maana haviongezi oksijeni na havikamati kaboni monoksidi. Humo huingia mzimamoto mwenye mtungi wa hewa.

Nimenunua kebo isiyo na halojeni ya korido, ila haikutosha. Fundi anasema atamalizia kwa PVC aliyobaki nayo. Kuna shida?

Kiumeme, kama ukubwa wa waya na joto lake vinalingana, hakuna. Kwa asidi, ipo. Rudi kwenye hesabu ya chumba: kilo moja ya plastiki ilitosha kupita kiwango cha hatari mara nyingi, na mita chache za kebo nene hufika kilo hiyo bila shida. Tena kipande cha kumalizia ndicho chenye viungio, na kiungio ndipo joto hupenda kuanzia. Avipeleke vipande hivyo kwenye taa za uani.